Alamu ya gari: king'ora peke yake hakitoshi, Kiambere wala Mombasa

Msomaji wetu mmoja, mwenyeji wa Malindi ambaye kazi imempeleka Kiambere huko Embu, ametuletea swali. Amenunua gari dogo la Kijapani lililotumika, kwa mkopo wa chama cha akiba, na gari hilo halina ulinzi wowote isipokuwa ufunguo wake. Amewauliza mafundi watatu, akapata majibu matatu. Wa kwanza alimwambia anunue alamu yenye king'ora kikali kuliko zote dukani. Wa pili akamwambia alamu imepitwa na wakati, atie traka. Wa tatu akamwambia asitie chochote, kwa sababu kule bara ndani hakuna anayeiba gari. Anauliza ashike neno la nani.

Swali lake ni la wengi, kwa hivyo leo tutalijibu kwa urefu: alamu ni nini, inatiwaje, inajaribiwaje, na mwenye gari aitumieje kila siku. Jawabu fupi ni hili. Alamu nzuri hufanya kazi mbili: hupiga kelele, na hulizuia gari lisiwake. Ukilazimika kuchagua moja, chagua ya pili.

Kelele inakwenda wapi?

Kiambere iko Mbeere Kusini, kaunti ya Embu, katika ukanda wa chini wenye joto na vumbi kando ya Mto Tana. Ng'ambo ya mto ni Kitui. Watu wa pwani wanaijua zaidi kwa bwawa lake la umeme, lililoanza kazi mwaka 1988, ambalo ni la mwisho katika mabwawa matano ya Seven Forks ukishuka na mto: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, kisha Kiambere. Kutoka huko kuna laini ya umeme ya kilovolti 220 inayokuja mpaka Rabai, na maji ya mto huo huo yanaingia baharini huku kwetu, Kipini. Lakini ukiondoka kwenye kituo cha umeme na kwenye soko, nyumba zimetawanyika, na usiku ni kimya.

King'ora cha kawaida cha gari hutoa sauti ya desibeli 110 hadi 120 ukiwa mita moja nacho. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi. Maana yake ni kwamba king'ora cha desibeli 120 hubaki na 80 hivi ukiwa mita 100, na hiyo bado ni sauti kubwa. Kwa hivyo Kiambere king'ora kitasikika. La kujiuliza ni nani atatoka usiku wa manane, atembee gizani mita mia tano, akaangalie gari ambalo si lake.

Sasa njoo Mombasa, Mji wa Kale. Hapa gari likilia nyumba thelathini zinasikia. Hatoki mtu, kwa sababu lililia jana, likalia juzi, na mara zote alikuwa ni paka juu ya boneti. Kiambere hakuna wa karibu, Mombasa wa karibu wamezoea. Mwizi anafaidika kote kuwili.

Ndiyo maana kizuizi cha injini ni bora kuliko king'ora. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliagiza kwamba magari mapya ya abiria yauzwe na kizuizi cha injini cha kielektroniki kuanzia mwaka 1998, na wizi wa magari katika nchi hizo ukashuka sana katika miaka iliyofuata. Marekani haikuwa na agizo kama hilo. Kia na Hyundai ziliuza huko aina nyingi za magari bila kizuizi hicho kwa miaka kadhaa. Kuanzia mwaka 2021 vijana wakaoneshana kwenye video za mitandaoni namna ya kuyawasha kwa kutumia ncha ya waya wa kuchajia simu, na magari hayo yakaibwa kwa maelfu katika mji baada ya mji. Gari jipya la nchi tajiri liliibwa kirahisi kwa kukosa kitu kidogo kilichofichwa ndani ya waya zake.

Magari mengi ya bei nafuu yanayoshushwa bandari ya Mombasa yakitoka Japani nayo hayana kizuizi hicho. Tena ufunguo wa gari la zamani ukishalika, na tundu lake likishalika, funguo nyingine za aina hiyo hiyo zinaweza kulizungusha.

Alamu ina sehemu gani?

Ukinunua boksi la alamu dukani, fungua uhakikishe vitu hivi vimo.

Kwanza ni ubongo wake, kijisanduku cha plastiki kinachofichwa chini ya dashibodi. Pili ni king'ora, ambacho hukaa ndani ya boneti. Kipo cha kawaida, kinachotegemea betri ya gari, na kipo chenye betri yake ndogo ndani. Cha pili ni ghali kidogo, lakini kinaendelea kulia hata mwizi akikata waya za betri kubwa. Tatu ni remoti, na ziwe mbili. Nne ni sensa ya mtikisiko, inayohisi kioo kikipigwa au gari likitikiswa. Tano ni swichi ya boneti, ambayo mafundi wengi huiacha kwenye boksi kwa kukwepa kazi, na wewe usikubali. Sita ni taa ndogo inayomweka kwenye dashibodi. Saba ni rilei ya kukata umeme, ambayo ndiyo kizuizi chenyewe. Nane ni kitufe cha siri cha dharura, cha kuzimia alamu remoti inapokufa.

Muulize muuzaji swali moja zaidi: kodi ya remoti inabadilika kila unapobonyeza, au ni ile ile siku zote? Remoti ya kodi moja inaweza kunaswa na kifaa cha mwizi aliyesimama karibu, kisha akaicheza baadaye gari likafunguka. Ya kodi inayobadilika haichezeki kwa urahisi huo. Tofauti ya bei si kubwa ukilinganisha na thamani ya gari.

Kukata wapi: staata, pampu ya mafuta au swichi?

Hapa ndipo fundi mzuri anapojulikana, na hapa ndipo roho za watu zilipo.

Rilei ikikata waya wa staata, gari halitawashwa, lakini likiwa tayari linakwenda haliwezi kuzimwa na hitilafu ya alamu. Hiyo ndiyo njia salama zaidi. Udhaifu wake ni kwamba gari la gia za mkono likisukumwa huwaka bila staata. La otomatiki haliwaki kwa kusukumwa.

Rilei ikikata pampu ya mafuta au umeme wa swichi, gari la aina yoyote halitakwenda. Mwizi ataendesha mita chache kwa mafuta yaliyobaki kwenye mabomba, kisha litazima. Ulinzi ni mkubwa zaidi, lakini rilei hafifu ikiungua ukiwa njiani, gari linazima nawe ndani. Fikiria kuzimikiwa na injini barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, lori la makontena liko nyuma yako na lingine linakuja mbele. Usukani unakuwa mzito, breki zinahitaji nguvu zaidi ya kawaida, na muda wa kufikiri haupo.

Kwa sababu hiyo hiyo tunasema wazi: alamu nyingi za bei rahisi zina kipengele cha kuzima injini kwa remoti gari likiwa mwendoni, eti kumkomesha mtekaji. Mwambie fundi akizime. Remoti ikibanwa mfukoni na sarafu, injini inaweza kuzima kwenye kona. Na ukitekwa kweli, toa gari, ushuke, uishi. Mtekaji ambaye gari limemzimikia hatua hamsini mbele atarudi kumtafuta aliyelizima.

Mpango tunaoupendekeza ni huu. Alamu ikate staata. Juu yake, utiwe waya wa pampu ya mafuta swichi ndogo ya mkono, iliyofichwa mahali unapopajua wewe peke yako, ambayo unaizima unapoegesha na kuiwasha unapotaka kuondoka. Swichi hiyo haina kompyuta ya kudanganywa wala mawimbi ya kunaswa. Iwe ya kubeba umeme mwingi kuliko unaotumiwa na pampu, na waya wake uwe mnene sawa na waya wa asili wa gari. Waya mwembamba hupata joto, na joto ndilo linaloanzisha moto.

Namna ya kuitia

Kutia alamu ni kazi ya fundi wa umeme wa magari, ya saa tatu hadi nne ikifanywa vizuri. Anayesema dakika arobaini atakuachia waya zinazoning'inia. Hata kama hushiki bisibisi, jua hatua hizi ili usimame karibu na kuuliza.

Fundi aanze kwa kufungua kichwa cha hasi cha betri. Waya zote zenye kiunganishi cha rangi ya manjano chini ya dashibodi na kwenye usukani aziache kabisa, kwani kwa kawaida ndizo za mifuko ya hewa. Kisha atafute waya kwa kipimo cha umeme. Asiende kwa kukisia rangi, kwa sababu gari lililotumika huenda limeshapita mikononi mwa mafundi wengine.

Waya wa chanya wa alamu utoke kwenye umeme wa kudumu na upite kwenye fyuzi, na fyuzi hiyo ikae karibu na betri, si mwisho wa waya. Waya wa hasi ufungwe kwenye chuma kitupu cha bodi, rangi ikiwa imekwanguliwa. Waya wa swichi ndio unaoiambia alamu kwamba ufunguo umezungushwa. Waya wa milango unaungwa na swichi za taa ya ndani, na katika magari mengi ya Kijapani swichi hizo hufanya kazi kwa kuunganisha hasi, kwa hivyo alamu ipangwe hivyo. Waya za indiketa ni mbili, kulia na kushoto.

Viungo viwe vya kutiwa risasi na kufungwa kwa mpira wa joto. Kusokota waya kwa vidole na kuvika utepe kunatosha wiki mbili. Kiambere vumbi na joto litaulegeza utepe huo. Pwani chumvi ya hewa itaila shaba ndani yake mpaka iwe kijani, kisha alamu italia ovyo na fundi atasema ni mbovu.

Waya unaopita kutoka ndani kwenda kwenye injini upite kwenye tundu lenye mpira. Ukipita kwenye tundu tupu la bati, mtikisiko wa barabara utaukata taratibu. King'ora kifungwe mdomo ukitazama chini ili maji yasituame, mbali na bomba la moshi, na mahali ambapo mkono hauufikii waya wake kutoka chini ya gari.

Mwisho, fundi asiufunge ubongo wa alamu pale pale ambapo kila fundi anaufunga, chini ya usukani. Wezi nao wanapajua. Na asikuachie bila kukuonesha kitufe cha dharura.

Usilipe kabla ya kujaribu

Kazi ikiisha, fanya majaribio haya mbele ya fundi, pesa zikiwa bado mfukoni mwako:

1. Shusha kioo kimoja, funga milango, washa alamu kwa remoti, subiri nusu dakika. Ingiza mkono, ufungue mlango kwa ndani. Lazima ilie. Rudia kwa kila mlango na buti.
2. Mtu avute boneti kutoka ndani alamu ikiwa imewashwa. Lazima ilie.
3. Alamu ikiwa imewashwa, zungusha ufunguo kuwasha gari. Lisiwake.
4. Piga nguzo ya kioo cha mbele kwa ubavu wa ngumi, polepole kisha kwa nguvu kiasi. Pigo jepesi lisilize, pigo zito lilize.
5. Zima kwa remoti, washa gari, liendeshe dakika kumi kwenye barabara mbovu. Lisikwamekwame wala kuzima.
6. Toa betri ya remoti kana kwamba imekufa. Fungua mlango kwa ufunguo, acha ilie, kisha uizime kwa kitufe cha dharura kama kijitabu kinavyoeleza. Katika alamu nyingi unaweka ufunguo kwenye swichi kisha unabonyeza kitufe.

Jaribio la sita ndilo watu wanaloliruka, na ndilo litakalomwokoa aliye Kiambere. Kule, remoti ikifa Jumapili jioni, fundi wa umeme anaweza kuwa Kiritiri au Embu mjini. Weka betri ya remoti ya akiba nyumbani, na usiiache remoti kwenye dashibodi juani, kwani joto huifupishia maisha.

Matumizi ya kila siku

Alamu haina maana kwa mtu asiyeiwasha. Na kuiwasha nako kuna namna yake.

Ukibonyeza remoti, usiondoke huku umegeuza mgongo. Sikiliza milango ikijifunga, tazama taa zikimweka, kisha ushike mkono wa mlango na kuuvuta. Sababu ni kwamba kuna wezi wanaosimama kwenye maegesho na kifaa kinachovuruga mawimbi ya remoti. Wewe unabonyeza, gari halisikii, unaingia sokoni, na yeye anafungua mlango kama mwenyewe. Mkono mmoja kwenye mlango unaumaliza ujanja huo.

Ukipeleka gari karwoshi au gereji, liweke kwenye hali ya huduma, ambayo alamu nyingi zinayo, ili lisilie wala lisijifunge. Acha ufunguo ikibidi, na uondoke na remoti. Mwoshaji haihitaji, na ufunguo wa nyumba usiwe kwenye pete hiyo hiyo. Swichi ya siri usimwoneshe mtu, hata kijana wa nyumbani unayemtuma mara moja moja. Siri ya swichi ikijulikana na watu watatu, imeshakuwa ya mtaa.

Remoti ya pili isikae ndani ya gari. Wala simu, mkoba au kipakatalishi visionekane kwenye kiti. Vioo vya pembeni na taa za nyuma huibwa bila mlango kufunguliwa, na alamu huenda isihisi. Kuchora namba ya gari juu ya vioo hivyo kunamharibia mwizi soko.

Kwa wenye magari mapya yanayowashwa kwa kitufe, ufunguo ukiwa mfukoni tu: mawimbi ya ufunguo huo yanaweza kuvutwa kwa kifaa kutoka sebuleni mpaka kwa gari nje. Usiku uweke ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko, kisha ujaribu mwenyewe kama gari linafunguka. Swichi ya siri inawafaa nao pia.

Betri na safari ya Idi

Msomaji wetu ametaja kwamba Idi huja nyumbani kwa basi, gari akaliacha huko wiki tatu. Tufanye hesabu. Alamu nyingi zikiwa zimewashwa hula miliampea 20 hivi. Kwa siku hiyo ni karibu ampea-saa 0.5, kwa wiki tatu ni 10. Saa ya gari, redio na kompyuta yake huenda zikala kiasi kama hicho. Jumla ni 20, na betri ya gari dogo mara nyingi ni ya ampea-saa 35 hadi 45. Betri ya miaka mitatu, iliyopikwa na jua la Mbeere, haitaamka.

Njia bora ni jirani mwaminifu aliendeshe nusu saa kila wiki. Kama hayupo, zima swichi ya siri, funga usukani kwa kufuli ya chuma, na ufungue kichwa cha hasi cha betri. King'ora chenye betri yake kitalia ukifungua, basi kizime kwanza kwa ufunguo wake kama kinao. Ukirudi na kuunga betri, shika remoti mkononi kabla, kwani alamu nyingi huanza kulia papo hapo.

Alamu inayolia ovyo

Kiambere mbuzi hutafuta kivuli, na pembe zikikwaruza bodi sensa kali italia mchana kutwa. Mombasa ni malori, paka, na watoto wanaoegemea. Dawa ni kulegeza sensa ya mtikisiko kwa skrubu yake ndogo, robo duara kwa mara moja, huku ukijaribu. Ikiendelea kulia bila kuguswa, angalia swichi ya mlango iliyoingia maji, swichi ya boneti iliyoshika kutu, au betri iliyochoka. Hayo matatu ndiyo chanzo mara nyingi.

Hili si jambo la kupuuza. Kanuni za mazingira za Kenya za mwaka 2009 kuhusu kelele zinakataza kelele kubwa zisizo za lazima zinazowasumbua watu. Kabla ya sheria kuna haki ya jirani. Gari linalolia nje ya msikiti wakati wa tarawehe, mwenyewe yuko safu ya mbele hawezi kutoka, limewaharibia ibada watu mia kwa skrubu ambayo haikugeuzwa.

Na liko kubwa zaidi. Katika nchi hii sauti ya "mwizi!" ikishapigwa, mara nyingi mawe hutangulia maswali. Mtoto aliyeegemea gari, mlevi aliyekosea mlango, mpita njia aliyesimama kujibu simu, wote wanaweza kukutwa kando ya gari linalolia. Alamu inasema gari limeguswa. Haisemi nani wala kwa nini. Ikilia usiku, washa taa, tazama kupitia dirishani, ita jirani, piga simu 999 au 112. Usitoke peke yako na panga, na ukiwakuta watu wamemzunguka mtu, kazi yako ya kwanza ni kuwazuia, gari baadaye.

Bima na sheria

Bima ya mtu wa tatu, ambayo ndiyo ya lazima, hailipi gari likiibwa. Inayolipa wizi ni bima kamili au takaful ya aina hiyo. Kampuni nyingi huuliza kama gari lina kifaa cha kuzuia wizi, na lisipokuwa nacho sehemu utakayobeba wewe hasara ikitokea huwa kubwa zaidi. Kwa hivyo mdai fundi risiti yenye aina ya alamu, tarehe na namba ya gari, upeleke nakala kwa wakala wako. Usijaze kwamba unayo kama huna, maana uongo huo utagunduliwa siku ya kudai.

Kifungu cha 278A cha sheria ya jinai ya Kenya kinaweka kifungo cha miaka saba kwa wizi wa gari. Kifungu cha 322 kinafika miaka kumi na minne kwa anayepokea au kuuza mali ya wizi huku akijua. Tafakari hapo: anayenunua kioo cha pembeni kwa bei ya kutupa, bila risiti, kutoka kwa barobaro asiye na duka, anajiweka kwenye hatari kubwa kuliko ya aliyekichomoa. Soko letu wenyewe ndilo linalomtuma mwizi barabarani.

Majibu kwa mafundi watatu

Fundi wa kwanza amekosea kwa kutegemea kelele, tumeshaona. Fundi wa pili ana hoja nusu. Traka inakuambia gari limekwenda wapi likishaondoka, na inahitaji mtandao wa simu, ambao mashambani na mabondeni huwa hafifu. Ni nyongeza nzuri, hasa kwa gari la biashara, lakini kizuizi kije kwanza. Fundi wa tatu amesahau kwamba gari lina magurudumu. Litalala Kiambere Jumatatu, Ijumaa liko Embu mjini, mwisho wa mwezi liko Nairobi, na siku moja litaegeshwa Marikiti. Na tawakali haikatazi mtu kufunga mlango.

Kwa hivyo, ndugu yetu, pesa zikiwa chache zitumie kwa mpangilio huu. Anza na swichi ya siri ya pampu na kufuli ya usukani. Mwezi ujao tia alamu yenye kizuizi cha staata, kodi inayobadilika na swichi ya boneti. Traka ifuate baadaye ukijaliwa. Mkopo wa gari utaendelea kukatwa kwenye mshahara gari likiwepo au lisiwepo, na chama cha akiba hakitauliza king'ora kililia kwa sauti gani.